FTP inakubali paswadi halafu folda hazionekani, nilivyotatua

Jamani hii kitu imenisumbua siku mbili nzima. Nafungua FileZilla, ile programu ya kupandisha mafaili kwenye seva ya tovuti kwa FTP, naweka anwani ya seva, yuza na paswadi, inaunganisha freshi kabisa, alafu ikifika kwenye kuonyesha folda inaganda, inasubiri sekunde 20 inakata. Nikabadilisha paswadi mara tatu, kazi bure, kumbe paswadi haikuwa na kosa lolote.

Iko hivi, FTP inatumia njia mbili, amri zinapita poti 21 (poti ni kama mlango wenye namba kwenye seva) ila orodha ya mafaili na mafaili yenyewe yanapita njia nyingine, na mimi nilikuwa nimeiacha kwenye aktivu, yaani seva ndo inajaribu kunirudia mimi, sasa ikifika kwa ruta yangu inabisha hodi hakuna wa kufungua. Nikaingia setingi nikaweka pasivu, yaani mimi ndo naifuata seva kwa njia zote mbili, folda zikatokea hapohapo.

Siku hizi natumia SFTP, njia nyingine ya kutuma mafaili ambayo inaficha kila kitu kwa msimbo, poti 22, kila kitu kinapita njia moja na paswadi haisafiri uchi. Ah na mafaili ya tovuti yangu ilibidi yaingie ndani ya public_html, ile folda ambayo seva inachukulia kurasa za tovuti, nilianza kuyatupa nje yake nikawa narifreshi brauza kama chizi.