Tundu la Kumi na Moja

Jana fundi alikuja kuniangalizia cherehani yangu, ile ya miguu, inayoruka mishono tangu Maulidi. Akatoa kichupa chake, akadondosha mafuta kwenye vyuma, akazungusha gurudumu mara mbili tatu. Harufu ikanijia puani, nikaacha kumsikiliza. Mafuta ya cherehani na yale tuliyokuwa tukifutia bunduki kambini, kwa pua yangu mie, ni kitu kimoja.

"Bi mkubwa, unacheka nini?"

Nikamwambia namcheka somo yangu. Hakuelewa, na sikumfahamisha, maana kisa kirefu na yeye alikuwa anangojewa na cherehani nyingine Kikwajuni. Nyie mna nafasi, basi kaeni.

Ilikuwa Disemba 1997. Wa rika langu wanaukumbuka mwaka ule kwa mvua za El Niño, vuli iliyokataa kukatika. Ramadhani ilikuwa inaingia mwisho wa mwezi huohuo, na Januari 12 kulikuwa na gwaride la miaka 34 ya Mapinduzi, kwa hiyo vikosi vyote vilikuwa mazoezini, miguu imejaa malengelenge. Wakubwa wakaona vijana wapumue kidogo: vikosi viwili vikutane kirafiki kwenye kulenga shabaha, mita 300, na mshindi apewe mbuzi. Kikosi gani na kikosi gani, sisemi. Zanzibar tunavyo KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto na Valantia. Wanaonijua wanajua nilivaa magwanda ya nani, na nikikitaja kikosi cha somo ataniandama mpaka kwenye simu ya dada yangu.

Najua wako watakaocheka wakisikia mita 300 naziita mbali. Kule Bisley, Uingereza, watu wanalenga kutoka yadi 1,000. Lakini wale wana bunduki zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi tulikuwa na SMG, ndizo hizo bunduki za aina ya AK-47, silaha ya kukimbia nayo vichakani. Ukilala kifudifudi, ukaweka kipimo kwenye alama ya 3, ukafumba jicho moja, kile kijiti cha mbele cha kulengea kinalifunika karatasi karibu lote. Unapiga kitu usichokiona, unaamini tu kwamba kipo.

Tulifika uwanjani alfajiri, kule maweni upande wa mashariki. Sheha alishatangaza tangu juzi yake kwamba asionekane mtu kukata kuni wala kutazama tanuri la makaa, bendera nyekundu ikapandishwa, na bado saa mbili asubuhi akatokea ng'ombe. Mmoja tu, mwekundu, ana kamba shingoni. Akasimama katikati ya uwanja akawa anatutazama. Mashindano yakasimama nusu saa nzima anatafutwa mwenyewe. Mwenyewe alipokuja akatulaumu sisi.

Mimi asubuhi ile sikuwa na bunduki. Walianza wanaume, na baadhi yetu tuliopangwa awamu ya mchana tukapelekwa handakini kusimamia shabaha, wawili wawili, mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao, ili pasiwe na wizi. Afande wao akasimama na orodha akaita jina. Tukaitika wawili.

"Nipo, afande!"

Akatutazama. Akaita tena, tukaitika tena. Akaangalia karatasi yake, kumbe tumeandikwa mstari juu ya mstari, jina lilelile, mimi shabaha nambari 4 na mwenzangu nambari 5. "Haya," akasema, "nyie masomo shukeni pamoja, mnisumbue mara moja." Basi tangu hapo hatujaitana kwa jina.

Alikuwa mwembamba, mrefu kunipita, Mpemba wa Wete, ana maneno. Kabla hatujafika chini alishaniambia kwamba kikosi chetu hakijui kupiga, kinajua kula, na kwamba mbuzi yule wamekuja kumchukua tu. Nikamwambia leo mtakula mchuzi wa kichwa. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Kazi ya handakini ilikuwa hivi. Juu yenu kuna fremu na karatasi la duara. Mkiambiwa, mmoja anavuta kamba fremu iteremke, matundu yanahesabiwa, yanaandikwa, halafu mwengine anayaziba kwa vipande vya karatasi, fremu inapanda tena kumngoja mpigaji mwengine. Gundi yenyewe uji wa unga wa ngano, umekorogwa kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Mimi nilishika kamba, somo akashika mkebe.

Wasiowahi kukaa handakini hawajui sauti ya risasi. Ukiwa nyuma ya bunduki unasikia mlio mmoja. Ukiwa chini ya shabaha unasikia miwili: kwanza "tak!" juu ya utosi, kavu, kama mjeledi, halafu ndipo "buu" la bunduki yenyewe linakuja taratibu kutoka kule walikolala. Afande alitufundisha sababu. Risasi ya SMG inatoka mtutuni kwa mita zaidi ya 700 kwa sekunde, na sauti inatembea nusu ya hapo. Kwa hiyo risasi inapita na mlio wake, mlio wa bunduki unafuata nyuma. "Ukisikia buu," akasema, "ujue umeshapona." Somo akaigeuza dua. Kila "tak!" anafumba macho, kila "buu" anasema alhamdulillahi, anachovya kidole kwenye uji. Nilicheka asubuhi nzima, na mashavu yakaniuma kuliko bega lilivyoniuma baadaye.

Mchana tukapanda juu, zamu yetu ikafika. Mvua ilikuwa imepita kidogo, turubai limelowa, na kaskazi imeshakaza. Pale uwanjani ilikuwa inatujia kwa bega la kushoto, na kwa mita 300 upepo wa namna ile unaisukuma risasi futi nzima kuliani. Unalenga pembeni ya unapotaka, na wewe hata hapo unapotaka hupaoni. Tuliwekwa tumelala sambamba, mimi na yeye, viwiko vyetu vinakaribia kugusana. Risasi kumi, dakika mbili. "Somo," akaninong'oneza, "usinipige mie." Kipenga kikalia. Dakika mbili zile siwezi kuwasimulia, sikumbuki kitu ila maganda yake ya moto yakiruka na kuniangukia mgongoni, na mimi natukana kimoyomoyo.

Uwanja ukatangazwa salama, bunduki zikakaguliwa, maganda yakaokotwa yakahesabiwa: kumi kwake, kumi kwangu. Tukapewa ruhusa kwenda kuangalia wenyewe, tukashuka pamoja na waamuzi na nusu ya vikosi vyote viwili nyuma yetu.

Karatasi lake lilikuwa na matundu tisa.

Langu lilikuwa na kumi na moja.

Kimya kikaingia. Mwamuzi akahesabu kwa kalamu, akahesabu tena kwa kidole. Matundu yake tisa yamekusanyika juu kushoto kwa katikati, yeye aliuogopa upepo akalenga mbali mno. Yangu mengi yamekusanyika chini kulia, mimi niliudharau. Moja la kwangu limetupwa pembeni kabisa, la pointi 4, aibu tupu. Na katikati, kwenye duara jeusi la 10, pale pasipokuwa na jirani yeyote, tundu moja.

Nililisogelea mpaka pua ikakaribia karatasi. Nikaligusa. Lilikuwa duara safi, lina weusi ukingoni, na ule ukingo umekakamaa kidogo chini ya kidole. Nilidhani ni karatasi iliyolowa ikakauka. Somo naye akaja akaligusa, vichwa vyetu vikagongana. Harufu ya baruti iko nguoni mwetu, na yeye vidole vyake vina utando mweupe wa uji tangu asubuhi. Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilikuwa nalitazama najiuliza kwa dhati, lipi katika yale mapigo kumi lilikuwa hili? Maana mtu akipiga vizuri hujihisi, ndivyo tulivyofundishwa: bunduki ikitulia, pumzi ikitulia, kidole kinajua. Nikakipekua kidole changu chote, hakina habari.

Ndipo somo akasema, kwa sauti ya watu kusikia, "Hili lako, somo."

Mimi nikasema, "Hili lako. Mie sijapiga katikati tangu nizaliwe."

"Lako. Liko kwenye karatasi lako."

"Na lako liko wapi?"

Vikosi vikalipuka. Sasa ajabu ni kwamba wenzangu ndio walionipigia kelele nisiligawe, na wenzake wanampigia yeye kelele alidai, na sisi wawili tunasukumiana tundu. Mwamuzi, mzee mmoja mpole, akanyanyua mkono. Kanuni ya siku ile ilikuwa kwamba likizidi tundu, mwenye karatasi anahesabiwa kumi yaliyo bora. Kwa hiyo lile la pointi 4 likaachwa, la katikati likawa langu, na somo akabaki na tisa yake. Nikamzidi kwa pointi 7. Tundu lile lingehamia upande wake, nami nikarudishiwa 4 yangu, angenizidi yeye kwa 9. Hesabu hiyo aliipiga yeye mwenyewe papo hapo, kwa kijiti, kwenye mchanga, akanionesha. Kisha akaifuta kwa kiatu.

Kikosi chetu kikachukua mbuzi.

Sasa mbuzi wa Shaaban, zimebaki siku za kuhesabu kuingia Ramadhani, utampeleka wapi? Wakubwa wakaafikiana akachinjwe palepale iwe ni vunja jungu, wote wale. Mchele ulitoka kwao, viungo vilitoka kwa mama mmoja wa kijijini, na yule mwenye ng'ombe, aliyetulaumu asubuhi, akaja na sahani yake. Pilau ililiwa kwenye sinia kubwa kubwa, watu wanne watano wa vikosi vilivyochanganyika. Somo alikaa na mimi, akachagua paja, akalivuta upande wake lote. Nilipomtazama akasema, "Hii ni risasi yangu ya kumi. Unasemaje?" Sikusema kitu. Afande wake, aliyekuwa sinia la pili, alipaliwa na wali.

Miaka imepita tele. Yeye alirudi Wete, mimi nikaacha kazi nikaingia kwenye kushona. Kabla ya simu za mkononi tulikuwa tunatumiana barua kwa watu wanaosafiri na MV Mapinduzi, na kila barua, baada ya salamu na habari za wazee, lazima iwe na mstari mmoja wa tundu. Nilipozaa mtoto wa kwanza aliniandikia: "Hongera, huyu angalau tunajua ni wako." Alipofiwa na mumewe nilivuka kwenda kumpa pole, nikakaa naye siku kadhaa, na usiku wa mwisho, tumelala kitanda kimoja, akaniuliza gizani, "Kweli kidole chako hakikukwambia kitu?" Nikamwambia wallahi hakikuniambia.

Nimejiuliza sana ingekuwaje kama mwamuzi angelikuwa na njia ya kujua. Pengine mmoja wetu angefurahi, mwengine akanuna, basi tungeishia hapo. Au pengine tungependana vilevile, kwa sababu ya ule uji na ule mlio. Sijui. Nawajua watu waliopigana vita kwelikweli pamoja na hawatafutani hata siku ya Idi, na sisi tumeshikana kwa kipande cha karatasi ambacho sidhani kama hata kilihifadhiwa.

Baada ya fundi kuondoka nikampigia. Nikamwambia habari ya mafuta ya cherehani. Akanisikiliza, kisha akasema ana jambo amelifikiria, tena amelifikiria muda mrefu.

"Somo, lile tundu huenda si langu wala si lako. Huenda ni la asubuhi. La wale wanaume. Kikaratasi kilibanduka kwa mvua."

Nikakumbuka ule ukingo uliokakamaa. Nikakaa kitako.

"Na yako ya kumi ilikwenda wapi?"

"Ilikwenda zake. Iko kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha mpaka leo. Lakini na wewe tundu lako la 10 huna. Tunabaki na nini? Una ile 4 yako. Piga hesabu."

Nikapiga. Nikaondoa 10, nikarudisha 4. Nilikuwa bado namzidi, kwa pointi 1. Nikamwambia. Akasema nimekosea, nirudie. Nikarudia, ni 1 ileile.

"Lakini somo," nikamwambia, "kama kikaratasi kilibanduka, maana yake hakikubandikwa vizuri. Kamba niliishika mimi. Mkebe wa gundi asubuhi ile ulikuwa mkononi mwa nani?"

Nikasikia anavuta pumzi.

"Mtandao mbaya huku Wete," akasema, akakata.