Siku moja maishani mwangu: neno nililolikata kwa wino mwekundu

Saa 11 na nusu alfajiri. Baada ya kuswali naketi sebuleni na chai ya rangi, nafungua daftari la wateja wa leo. Mimi ni mwanasaikolojia hapa Mombasa, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikitumia hipnosisi kama sehemu ya tiba kwa watu wenye hofu, wasiwasi unaowanyima usingizi, na huzuni iliyokwama kifuani. Habari za wateja nitakazosimulia nimezibadilisha ili wasitambulike, na yule wa saa 5 mwenyewe ameniruhusu nimwandike.

Kwenye karatasi yake kuna neno nililolikata kwa wino mwekundu jana usiku. Neno lenyewe ni "zama". Nitafika huko.

Saa 2 asubuhi naandaa chumba. Kuna kiti cha kuegemea, jagi la maji, tishu, feni, pazia lililovutwa nusu. Mlango unarudishwa tu, haufungwi kwa ufunguo, na mteja akitaka dada yake akae naye kwenye kiti cha pembeni, karibu sana. Nawaambia watu haya mapema kwa sababu wengi wanaijua hipnosisi kutokana na mazingaombwe ya kwenye video, mtu anapigiwa kidole mbele ya uso mara anaanza kuwika kama jogoo. Anayeumwa moyoni tayari anahisi maisha yamemtoka mikononi. Hakuna haja ya kumwongezea hofu kwamba na akili yake nayo itachukuliwa.

Saa 3 anaingia mteja mpya, kijana mhasibu ambaye moyo unamwenda mbio kila Jumapili jioni akiikumbuka kazi ya Jumatatu. Hata kabla hajaketi vizuri ananiuliza, "Dada, ndiyo utanizingua?"

Swali lake nalipokea kwa heshima. Kwetu pwani kuzinguliwa ni jambo linalojulikana, mtu anafukizwa, anasomewa, anaondolewa hasada. Namwambia hapana, mimi siondoi kitu ndani yake wala siingizi. Hipnosisi ni umakini uliokusanywa mahali pamoja huku mwili umetulia, kama pale unapozama kwenye hadithi hadi husikii unaitwa jikoni. Katika hali hiyo maneno na picha unazozikubali hukugusa kwa kina zaidi. Usizozikubali unaziacha zipite.

"Nikilala, si nitatoa siri zangu?" Hutalala, namjibu. Jina lenyewe ndilo linalotupotosha. James Braid, daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, ndiye aliyelieneza miaka ya 1840, akilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye akaona halifai, maana wagonjwa wake wengi hawakuwa wamelala, akajaribu kulibadilisha, lakini lilikuwa limeshazoeleka. Utanisikia, utasikia na tuktuk nje, na ukitaka kufungua macho utayafungua.

Siku ya kwanza simwingizi mtu kwenye hipnosisi. Nauliza tu, kwa karibu saa nzima: unalalaje, unakula nini, unatumia dawa gani, umewahi kufikiria kujiua, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Jibu la swali hilo la mwisho likiwa ndiyo, hipnosisi naiweka kando na kumpeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, kwa sababu inaweza kumchanganya zaidi. Kijana huyu yuko sawa kwa upande huo. Tutaanza wiki ijayo. Ameniuliza ni mara ngapi atakuja, nikamwambia wengi wangu huja mara nne hadi nane, na sikumwahidi zaidi ya hapo. Anayekuahidi kupona kwa siku moja, ulizia kwanza amesomea nini kabla ya hipnosisi.

Saa 5. Huyu ni mama wa Likoni, mfanyabiashara wa vitambaa mjini. Alikuwa darasa la tatu feri ya Mtongwe ilipozama, Aprili 1994, watu zaidi ya 250 wakafa, mama yake mdogo akiwa mmoja wao. Miaka yote hiyo alivuka akishika roho. Mwaka jana siku moja katikati ya maji pumzi ikambana, mikono ikafa ganzi, akadhani anakufa. Tangu hapo hajapanda feri tena. Anazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita kwenye feri, kila siku, na faida yake inaishia kwenye nauli.

Hiki ni kikao cha nne. Sasa lile neno. Sisi wenye kazi hii tumezoea kusema "zama ndani zaidi", "elea", "teremka ngazi moja moja". Kwa mtu huyu kila moja ya maneno hayo ni bahari. Hata ngazi ya kuteremka ni ile njia ya kushukia kwenye feri. Na picha tunayowapa watu wengi, ufuo wenye mawimbi matulivu, kwake ingekuwa ukatili. Nilipomuuliza ni wapi alipowahi kujisikia salama, alijibu bila kufikiri: jikoni kwa bibi yake, Kwale.

Basi tunaingia ndani, hatushuki. Anatazama kijimsumari ukutani juu ya usawa wa macho, anapumua, kope zinakuwa nzito, anaziacha zifumbe. Namhesabia kumi hadi moja na kila hesabu ni hatua: uani, barazani, sebuleni, jikoni. Namuuliza anasikia nini. Kwa sauti ya chini anasema, "Mbuzi." Bibi yake ameikalia mbuzi anakuna nazi, krr, krr, na nazi iliyokunwa inadondoka kwenye sinia. Namwambia abane kidole gumba na cha shahada huku akiisikiliza sauti hiyo, ili vidole viikumbuke. Mabega yake yanashuka mbele ya macho yangu.

Tunasogea taratibu hadi barabara ya feri, kwa mawazo tu. Tuna makubaliano: hofu ikimpanda atainua kidole cha mkono wa kulia, nami nitarudi. Tumefika geti, anapumua vizuri, na mimi, kwa mazoea ya miaka, nikasema, "Acha mwili uelee."

Kidole kikainuka saa ileile.

Nikasimama hapohapo. Nikamwambia, "Nimekiona. Neno hilo ni langu, si lako, tunaliacha. Turudi jikoni." Tukarudi. Krr, krr. Ilichukua muda pumzi kutulia. Machozi yalimtoka macho yakiwa bado yamefumba, na sikuyaharakisha.

Nilipomhesabia moja hadi tano akafungua macho, akanyoosha miguu, akanywa maji. Alidhani zimepita dakika kumi. Zilikuwa karibu thelathini, na hilo ni la kawaida kabisa. Hofu aliyoipa nane kwa kumi alipoingia, sasa aliipa tano. Nikamwomba radhi kwa lile neno. Akasema, "Lakini nimeinua kidole na umerudi." Siku nzima nimekuwa nikiisikia sentensi hiyo.

Saa 7 viazi vya karai na ukwaju.

Saa 8 simu. Bwana mmoja anataka nimfanyie mkewe hipnosisi aseme dhahabu ilikwenda wapi. Nimekataa, na nimemweleza kwa upole sababu mbili. Hakuna tiba ya kumfanyia mtu asiyeitaka. Pia hipnosisi si mashine ya ukweli. Mtu aliye katika hali hiyo anaweza kuumba kumbukumbu isiyokuwapo na kuiamini kabisa. Familia zimevunjika kwa sababu hiyo.

Saa 10 alasiri amekuja mzee aliyefiwa na mkewe. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Yeye si mwepesi wa kuingia kwenye hipnosisi. Watu hutofautiana, wako wanaoingia haraka, wako ambao hawaingii kabisa, na wengi wako katikati. Si suala la akili nyingi au chache. Leo tumeiacha. Kwa saa nzima amenisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akimkunjia kanzu, na ilitosha.

Saa 12 jioni nazungumza na mwalimu wangu, mwanasaikolojia mkongwe anayenisimamia. Nimemsimulia kosa la "uelee" kama lilivyotokea. Amenishauri niandike upya maneno yote ya mteja yule, mstari kwa mstari.

Saa 3 usiku watoto wamelala. Nimefunga dirisha, narekodi kwenye simu sauti ya dakika kumi ambayo yule mama wa Likoni ataisikiliza mwenyewe kila usiku kitandani, kamwe si akiwa njiani. Nimeirudia mara tatu. Mara ya pili nilisikia nimesema "polepole kama maji", nikafuta.

Jumanne ijayo, saa 4 asubuhi, tutakutana upande wa Likoni karibu na wauza mahamri. Hatutapanda. Tutasimama tu, tutazame feri moja ikiondoka, vidole vyake vikiwa vimebanwa.