Samaki Aitwaye Nyerere

Samaki ndiye aliyenipeleka Mwanza. Wengine hupelekwa na biashara, harusi au msiba. Mimi nilipelekwa na samaki asiyezidi kidole cha kati, niliyemwona ndani ya tangi la kioo, sebuleni kwa watu, Nyali, Mombasa, nikiwa nimeinama nampaka bibi harusi hina miguuni. Mgongo mwekundu, ubavu wa manjano, na mistari myeusi imemshukia wima. Kazi yangu ni rangi, mwaka wa ishirini na mbili huu, na rangi ile ilinifanya niache wayo wa mtu nusu. Nikauliza samaki gani huyu.

"Huyo ni Nyerere, mama," akasema kaka wa bibi harusi, mwenye tangi.

Nilidhani ananifanyia mzaha. Akafungua simu akanionyesha jina lake la kitaalamu: Pundamilia nyererei. Nusu Kiswahili kitupu, nusu Mwalimu. Wataalamu walimpa jina la Nyerere mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu aliong'atuka. Kwao ni Ziwa Victoria, kwenye majabali ya upande wa Mwanza. Lakini huyu wa Nyali alizaliwa Ulaya kwa wafugaji, na wazazi wake vilevile, akarudi Afrika Mashariki kwa ndege, akawekwa kwenye kioo umbali wa hatua mia tatu kutoka Bahari ya Hindi. Ziwa hajaliona.

Nami sikuwa nimeliona. Umri miaka arubaini na saba, na safari zangu zote ni Malindi, Lamu, na Nairobi mara mbili. Pasipoti sikuwa nayo. Nilipoanza kuitafuta, dada yangu aliuliza swali moja tu, akalirudia wiki nzima: "Unakwenda kwa nani?" Kwetu mtu haendi mahali, huenda kwa mtu. Ukisema huendi kwa yeyote, watu wanatazamana. Wanangu kwanza walicheka, kisha wakaogopa, mwisho wakanichangia nauli.

Ya Mombasa hadi Kisumu nayaruka. Nililala njiani sana. Kisumu nilipanda basi la asubuhi: Kisii, Migori, Isebania. Mpakani tulishuka wote, tukapanga foleni na pasipoti na kadi za manjano za chanjo, ambayo yangu nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la leso kama hirizi. Basi lilivuka mbele yetu na mizigo. Nilipotoka upande wa Sirari sikuliona. Hapo ndipo nilipojua maana ya kusafiri peke yako: hakuna wa kumwambia "shika hapa nikatazame". Nilizunguka maroli mawili, matatu, jasho linanitoka, nikalikuta nyuma ya lori la saruji, kondakta ananyonya muwa. "Tulikuwa tunakusubiri wewe, mama," akasema, kama kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Baada ya Tarime barabara inashuka hadi daraja la Kirumi, na chini yake unapita Mto Mara. Huu ndio mto ambao juu huko watalii wanauzunguka kwa magari kutazama nyumbu wakivuka. Hapa mwishoni mwake, kabla haujaingia ziwani, umetulia ndani ya mafunjo marefu kuliko mtu, na ndani ya basi hakuna aliyenyanyua kichwa. Jirani yangu, mfanyabiashara wa vitenge, aliniambia miaka ya ukame mto hupungua ukaona mawe yake, na miaka mingine hufurika ukala mashamba. Nyumbu wa kaskazini ya Serengeti kiangazi hawana mto mwingine usiokauka. Ukiumwa Mara, wameumwa wao. Mbele, karibu na Lamadi, tuliona nyani wawili wamekaa kandokando ya lami kama wanangoja usafiri. Huo ndio utalii wangu wote wa wanyama wa porini, na sikulipa kitu.

Mwanza ni mawe. Nilikuwa nimeambiwa, ila kuambiwa si kuona: majabali makubwa kama nyumba, yamepandana, na juu yake nyumba zimepandana nayo, hujui kipi kimebeba kipi. Gesti niliyofikia waliniletea daftari la wageni: jina, utokako, uendako, kabila. Kwenye kabila nikaandika Mmvita. Kijana wa mapokezi akalisoma mara mbili. "Ndiyo kabila gani hilo, mama?" Nikamwambia ndilo lenye Kiswahili. Akacheka, "Basi karibu kwa wenye mawe."

Siku ya pili, ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Desemba, nilishuka hadi kivuko cha Kamanga kutazama ziwa. Ziwa lilikuwa kijani. Si kijani cha bahari. Kijani cha mchicha uliochemka. Pale kwenye watu wanaongoja kupanda ndipo nilipomkuta binti mmoja amekalia ndoo iliyopinduliwa, mbele yake kipande cha boksi kimechomekwa vipuli vinavyong'aa kama lulu.

"Shikamoo mama. Karibu hereni."

"Marahaba mwanangu. Vipuli hivi umetengeneza kwa nini?"

Akanitazama. Neno halikumfikia. Nikashika sikio. "Aah, hereni! Magamba ya sangara, mama."

Nikakaa. Yeye ana miaka kumi na saba, kidato cha tatu, na alianza akiwa na kumi na tano. Asubuhi huenda mwaloni Kirumba, soko la samaki, kwa akina mama wanaopaa samaki, anaokota magamba makubwa makubwa ambayo kwao ni takataka. Anayaloweka kwenye chumvi usiku kucha, anayasugua kwa sabuni na limau, anarudia hadi harufu iishe ("wa kwanza nilimuuzia mwalimu, paka wakamfuata"), kisha anayakausha kati ya kurasa za daftari la zamani yasijikunje. Anakata kwa mkasi wa kucha. Rangi ni rangi ya kucha, chupa ndogo za bei rahisi kutoka Makoroboi. Nilipoona anavyochora mstari kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa, mkono hautikisiki, nilijua nimekaa na mwenzangu wa kazi.

Pea moja shilingi elfu tatu. Pesa yetu ukiibadilisha inazidishwa karibu mara ishirini, kwa hiyo siku ya kwanza nilijiona tajiri, siku ya tatu nikajua hesabu. Nikamuuliza faida anaweka wapi. Hapo alicheka kwa uchungu. Hana kitambulisho cha taifa mpaka afike kumi na nane, laini ya simu ni ya mama yake, na wateja wa WhatsApp wanalipa huko. "Hela ikiingia, mama ananunua luku ya umeme kwanza, ndiyo ananiambia imeingia." Na kuna kaka mmoja alichukua pea thelathini kwa mali kauli akauze Arusha, mwezi wa nne simu haipokelewi. Hilo silo la Mwanza peke yake. Nimefundisha wasichana hina miaka mingi, na wote wa kwanza kuwadhulumu ni mtu mzima anayewaita "mdogo wangu".

Alikuwa na michoro mitatu. Mjusi wa majabalini, yule dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu anayeota jua kila jiwe mjini hapa, na ambaye kwa kitaalamu amebeba jina la Mwanza lenyewe. Ua. Na samaki mdogo, kijani mwili mzima.

"Huyu furu," akasema. "Babu alikuwa akiwavua. Anasema walikuwa wa kila rangi, lakini mimi ninaowaona ndio hivi."

Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya Nyerere wa Nyali.

"Huyu wa Ulaya."

"Huyu wa kwenu, mwanangu."

Hakuamini. Akamwita mama mmoja muuza karanga, naye akatazama, akasema wapo, huko nje kwenye maji mazuri, si hapa mjini. Tukapatana kesho twende Igombe, kwa mjomba wake mvuvi. Mama yake alitaka kwanza kuniona. Nilipelekwa nyumbani, juu ya mawe huko Mabatini, nikapewa chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikahojiwa vizuri kuliko mpakani. Swali la kwanza: "Umekuja kwa nani?"

Nieleze kidogo habari ya hawa samaki, maana nilivyoisoma kabla ya safari ilininyima usingizi. Furu wa ziwa hili, ambao Nyerere ni mmoja wao, walikuwa aina kama 500. Sangara, ambaye si mwenyeji, alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima akila. Aina kama 200 zinadhaniwa zimepotea. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni la rangi. Kwenye majabali jike ndiye anayechagua, na anachagua kwa macho. Jike wa Nyerere hutaka dume jekundu. Nyerere anaye jirani, wanafanana umbo kama pacha, Kulwa na Doto, ila dume lake ni la buluu, na jike wa huko hutaka buluu. Wakichanganyika wanazaa, na watoto wao wanazaa. Kinachowatenga ni macho tu. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi kwenye ghuba hii ya Mwanza walitangaza walichokiona: penye maji maangavu, aina mbili kila moja na rangi yake, penye maji ya tope, jike haoni tofauti, na aina mbili zinayeyukia kwenye moja iliyofifia. Ni kama kuchagua kanga umeme umekatika.

Na maji yanazidi kuchafuka. Maji machafu ya miji na mbolea za mashamba hulisha mwani, ule mchicha niliouona kivukoni. Joto nalo: maji ya juu yakipata moto hayataki kuchanganyika na ya chini, na huko chini hewa inakwisha. Mvua zikija kwa fujo zinakokota udongo wa milimani wote. Hili la mvua lilinigusa kwa sababu linatoka kwetu. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi, huku upande wetu wa Afrika, ilipata joto kuliko kawaida. Mvua ikamwagika bara, na Mei 2020 ziwa likapanda hadi kwenye kimo ambacho vipimo vya zaidi ya miaka mia moja havikuwa vimekiona. Miaka yote ile niliyokuwa nikinawa miguu baharini, Mama Ngina pale Mombasa, sikujua joto la maji yale linaishia kwenye jicho la samaki wa Mwanza.

Igombe ni nje ya ghuba, ziwa limefunguka. Tulimwamkia mjomba, "Mwangaluka," kwa Kisukuma nilichofundishwa njiani, akafurahi kupita kiasi akaanza kuniongelesha, nikabaki nacheka. Mtumbwi ulitupeleka hadi kwenye majabali ambako wavulana wawili walikuwa wakivua furu kwa ndoana ndogo na nyungunyungu, hao furu wawe chambo cha kuvulia sangara. Maji yalikuwa tofauti. Ukiinama unaona mkono wako na chini ya mkono unaona jiwe.

Dakika nyingi hakuna. Kisha mvulana mdogo akavuta, na akatoka yeye, mwekundu mgongoni, kama kaa la moto lenye mistari. Binti alipiga kelele. Nilimwambia fanya haraka: samaki akitolewa majini rangi inamkimbia. Akafungua chupa kwa meno, nyekundu, haikuwa hiyo, akachanganya na rangi ya chungwa kwenye ukucha wake wa gumba, akaweka tone kwenye gamba, akalishika kando ya samaki. Samaki alikuwa ameanza kuwa kijivu kutokea mkiani. Tone la pili. La tatu ndilo. Wakati anaandika kwenye daftari "nyekundu mbili chungwa moja", samaki alikuwa amekwisha kuwa rangi ya jivu, na mvulana akamtupa kwenye ndoo ya chambo bila hata kumtazama. Dakika kumi baadaye akatoka wa buluu. Na huyo tulimwahi.

Njiani kurudi nikampa ushauri wangu wa kiutu uzima: aandike karatasi ndogo, kila pea, aeleze habari ya maji na joto na samaki wanaopotea. Alifikiri kwa adabu. "Mama, mtu akisoma hayo atanunua?" Nikasema pengine auze na ya tatu, ile iliyofifia, watu waone. "Nani atavaa hereni za rangi ya tope?" Sikuwa na jibu. Kwenye hina pia hakuna anayelipia iliyokataa kukolea.

Kisiwa cha Saanane nilikwenda Jumatatu, kwa boti kutoka Capri Point. Kilikuwa bustani ya wanyama ya kwanza nchini tangu 1964, sasa tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenye kisiwa. Pazuri, pimbi wengi, upepo. Lakini moyo wangu ulikuwa umebaki Igombe, na nilishinda nikitazama maji badala ya swala.

Asubuhi ya kuondoka binti alinifuata stendi ya Nyamhongolo na kijikaratasi. Sikio la kulia Nyerere, la kushoto jirani yake. Hela alikataa. Nikampa kwa nguvu, taslimu, mkononi, nikamwambia hii isipite kwa luku.

Tulipofika Bunda dada aliyekaa pembeni yangu hakuvumilia tena. Akaniinamia kwa sauti ya chini, ya kunisitiri.

"Samahani mama. Hereni zako hazioani."

"Hazitakiwi kuoana," nikamwambia.