Mkono wa Mlinzi Juu ya Mstari

Tangu nianze kupuliza filimbi katika michezo ya mpira wa kikapu ya mtaani, hakuna kosa lililonigombanisha na makocha kama la mlinzi anayepitisha mkono juu ya mstari wakati mpinzani wake, akiwa nje ya mstari, akiingiza mpira uwanjani. Watazamaji huona mkono uleule na kutarajia adhabu ileile, ilhali mwamuzi hana budi kujua kwanza saa inaonyesha nini, na yeye mwenyewe alifanya nini kabla ya kuukabidhi mpira.

Kosa lenyewe halina utata katika kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu. Hadi mpira uvuke mstari, mlinzi haruhusiwi kupitisha kiungo chochote cha mwili nje ya mpaka. Na pale ambapo nafasi kati ya mstari na ukuta, au kizuizi kingine, haifiki mita 2, anapaswa pia kusimama umbali usiopungua mita 1 kutoka kwa anayeingiza. Katika uwanja wetu, ambao uzio wake umeubana mstari wa pembeni, sharti hili la pili hunipa kazi kuliko la kwanza.

Wachezaji wengi hawaamini ninapowaambia kwamba anayeingiza mpira anaweza kunyoosha mikono hadi mpira ukawa juu ya uwanja, na bado mlinzi asiwe na ruhusa ya kuunyakua wala kuupiga. "Lakini ulikuwa ndani, refa!" Malalamiko hayo naelewa yanakotoka, kwa kuwa macho yanauona mpira upande wa mlinzi; hata hivyo, maadamu haujaachiwa mikononi, jukumu la kutouingilia ni lake.

Kwa sehemu kubwa ya mchezo, kosa la kwanza huzaa onyo tu: mchezaji huambiwa, kocha wake hujulishwa, na onyo hilo huifunga timu nzima hadi mwisho, kiasi kwamba mwenzake akirudia robo mbili baadaye anaweza kupewa faulo ya kiufundi, yaani faulo ya mwenendo isiyohusu kugusana, ingawa yeye binafsi hakuwahi kuonywa. Mambo hubadilika saa inapoonyesha dakika 2 au pungufu katika robo ya nne au katika muda wa nyongeza. Hapo mwamuzi hupunga mkono sambamba na mstari kabla ya kukabidhi mpira, na ishara hiyo ndiyo onyo lenyewe. Atakayevuka baada yake hupewa faulo ya kiufundi moja kwa moja, na wapinzani hupata mtupo huru 1.

Niliwahi kuisahau ishara hiyo, zikiwa zimebaki sekunde chache na timu zikitofautiana kwa pointi moja. Mlinzi alivuka waziwazi, benchi zima la wapinzani likasimama kudai faulo ya kiufundi, nami nikalazimika kutoa onyo pekee, kwa kuwa bila ishara ile adhabu kali haitolewi. Kocha alinikasirikia, na sikuwa na la kumjibu: kosa la mlinzi lilionekana na kila mtu, ila langu lilikuwa limelitangulia.

Katika dakika hizohizo 2 lipo kosa jingine, nalo hutokea mbali na mstari. Timu iliyo nyuma humshika mpinzani ndani ya uwanja wakati mpira ungali kwa mwamuzi au kwa anayeingiza, ili apelekwe kwenye mitupo huru bila hata sekunde moja kupotea. Zamani hiyo ilihesabiwa kuwa faulo isiyo ya kimichezo. Tangu Oktoba 2022 ina jina lake, faulo ya uingizaji, na adhabu yake ni mtupo huru 1 pamoja na mpira kubaki kwa timu iliyofanyiwa. Mpira ukishaachiwa, mguso huohuo ni faulo ya kawaida. Ndiyo sababu, kabla ya kuukabidhi mpira, humtazama mwamuzi mwenzangu: mimi nabaki na mstari na kuhesabu sekunde 5 alizo nazo anayeingiza, yeye anabaki na mikono ya wale wengine wote.