Chupa Nyekundu ya Chai

Agosti 2022 nilikuwa kibarua wa kujumlisha kura. Si wa tume ya uchaguzi, IEBC, wa chombo kimoja cha habari hapa Nairobi kilichotuajiri vijana kadhaa na kutuketisha kwenye meza ndefu, kila mtu na kompyuta yake. Jioni ya tarehe 9 IEBC ikaanza kupandisha picha za Fomu 34A, zile za matokeo ya urais, kwenye tovuti yake. Kila kituo cha kupigia kura fomu moja, jumla 46,229, na yeyote mwenye simu na bando angeweza kuzifungua.

Kazi yenyewe haikuhitaji akili nyingi. Fungua picha, soma kura za wagombea wanne, andika, funga, fungua nyingine. Fomu nyingine zilikuwa zimelala ubavu, ukawa unasoma umepinda shingo. Mwandiko wa msimamizi aliyekesha nao una mambo yake: saba inageuka moja, sifuri inaachwa mdomo wazi kama sita. Usiku ule nilimwita jirani yangu mezani mara ngapi sijui, "Hebu niangalizie hii ni tatu au nane?"

Kila chombo kilianza kujumlisha pale kilipotaka. Kwa hiyo Jumatano ukiwasha televisheni, huku Raila anaongoza, ukibadilisha stesheni Ruto yuko mbele. Fomu ni zilezile, ila mmoja kaanza kusoma daftari kutoka mbele na mwenzake kutoka nyuma. Sentensi moja kama hiyo ingetosha kuwaeleza watazamaji. Kwetu sikumsikia mtangazaji akiisema.

Na mimi je? Jumatano usiku, mwendo wa saa nne, mgombea niliyempigia kura alikuwa mbele kwenye skrini yetu kubwa. Nikapiga picha kwa simu, nikaitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp na maneno mawili: "Mambo yameiva!" Sikuandika ni fomu ngapi tulizokwisha kusoma, wala za wapi.

Alhamisi tukaambiwa tupunguze mwendo, kisha tusubiri. Nambari kwenye skrini zikaganda. Sababu hatukupewa sisi, sembuse mtazamaji. Mama alinipigia kutoka nyumbani, sauti chini kama mtu anayechungulia dirishani. "Mwanangu, hata 2007 walinyamaza hivihivi." Alikuwa na haki ya kuogopa. Tarehe 30 Desemba mwaka ule, Kibaki alipotangazwa mshindi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na watu wakabaki kupashana habari uani. Kabla mambo hayajatulia, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa. Nilimwambia safari hii fomu ziko wazi. Akasema, "Mimi fomu nitazionea wapi na hii simu yangu ya mulika mwizi?"

Ijumaa asubuhi nilishuka kwenye steji ya Umoja. Kwa muuza magazeti walikuwa wamesimama wanaume kama kumi, wanasoma vichwa vya habari bila kununua, kama kawaida ya jiji hili. Mzee mwenye meza alijua ninakofanya kazi.

"Msichana wangu, mlilipwa ngapi mnyamaze?"

Akanyoosha simu. Ilikuwa picha ya skrini, imezungushiwa duara jekundu, chini imeandikwa: HIZI NDIZO KURA ZA KWELI KABLA HAZIJAIBWA. Pembeni, chini kushoto, palikuwa na chupa nyekundu ya chai yenye kifuniko kilichofungwa kwa mpira. Chupa ile ni ya jirani yangu wa mezani. Picha ni yangu.

Nambari zote zilikuwa za kweli. Hilo ndilo lililonikata maini. Hakuna aliyeghushi kitu.

"Mzee, ulipiga kura wapi?"

Akataja shule ya msingi ya karibu, akasema fomu iliyobandikwa mlangoni alikuwa ameipiga picha kwa mkono wake. Nikafungua tovuti, kaunti, eneo bunge, wadi, kituo. Bando langu lilikuwa linakata roho. Picha ilipotokea tukaziweka simu mbili juu ya magazeti, vichwa vyetu vikigusana, na wale kumi wakatuzunguka. Alisoma kwa kidole, mgombea kwa mgombea, hadi kura zilizokataliwa. Zililingana. Hata doa la wino karibu na muhuri lilikuwa palepale.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ehe, na kumbe."

Nilitaka kumwambia ile picha ya kwanza ilitoka wapi. Ulimi ukawa mzito. Nikajisemea nitamwambia jioni, na jioni nikapitia njia nyingine.

Mzee akarudisha miwani yake mfukoni, akaanza kupanga magazeti upya.

"Sawa," akasema. "Hiyo ni moja. Zimebaki 46,228."