Praiveti Chancy Chitete, Mmalawi Aliyemfia Mtanzania

Ni Watanzania wachache wanaolijua jina la Chancy Chitete, ingawa askari huyo kijana wa Jeshi la Malawi aliuawa Novemba 14, 2018, karibu na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akimwokoa koplo wa jeshi letu. Naandika habari zake kwa sababu naona tunadaiwa.

Yeye na koplo huyo walitumikia brigedi ya kujibu mashambulizi ya Umoja wa Mataifa, iliyoanzishwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la umoja huo mwezi Machi 2013, ikiwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tofauti na walinda amani tuliowazoea, hao waliruhusiwa kuwafuata waasi na kuwashambulia. Siku ile walikwenda kuwafurusha waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda, katika ngome yao ya eneo la Kididiwe, kwa kuwa kundi hilo lilikuwa likiua raia wa Beni na kukwamisha kazi ya wahudumu wa afya waliokuwa wakipambana na mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti mwaka huohuo.

Mapigano yalikuwa makali. Koplo wa Tanzania alijeruhiwa vibaya, akabaki mahali pa wazi, hawezi kujisogeza, huku risasi zikiendelea kumiminika. Chitete alimfuata, akamburuta hadi mahali penye usalama zaidi, kisha akaanza kumpa huduma ya kwanza ili asife kwa kuvuja damu. Akiwa katika kazi hiyo, akapigwa risasi yeye mwenyewe. Mtanzania yule alipona.

Hapo kwenye huduma ya kwanza ndipo ninapokwama kila nikilifikiria tukio hili. Kumvuta mwenzako kutoka mahali pa hatari kunaweza kufanywa kwa msukumo wa ghafla, kabla akili haijapima lolote, lakini kubaki naye baada ya hapo na kuhangaika na jeraha lake, hali unasikia milio ya bunduki na unajua kwamba mtu anayehudumia majeruhi hawezi kupigana wala kujikinga ipasavyo, ni uamuzi ambao mtu huurudia kila dakika anayoendelea kukaa hapo.

Mei 2019, katika Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa jijini New York, Katibu Mkuu António Guterres alimkabidhi mjane wa Chitete Medali ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ujasiri wa Kipekee. Medali hiyo ilianzishwa na Baraza la Usalama mwaka 2014 kumuenzi Diagne, afisa wa Senegal aliyewapitisha mamia ya watu katika vizuizi vya wauaji jijini Kigali mwaka 1994, bila silaha, hadi kombora la mota lilipomuua Mei 31 mwaka huo. Familia ya Diagne ndiyo iliyoipokea kwanza, mwaka 2016. Chitete akawa wa pili.

Tangu mwaka 2012 hadi sasa, ukitaja Malawi mbele ya Watanzania wengi, mazungumzo huishia kwenye mpaka wa Ziwa Nyasa, ambalo wenzetu huliita Ziwa Malawi. Sisemi mgogoro huo ni mdogo. Una hoja zake za kisheria, na ramani zake ni za tangu enzi za Wajerumani na Waingereza. Nasema tu kwamba habari za Kididiwe nazo zilistahili nafasi katika mazungumzo hayo.

Julai 25 tunaadhimisha Siku ya Mashujaa na kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi yetu. Chitete hakuwa raia wetu, wala hakuapa kuitetea bendera yetu, lakini sioni kanuni ya heshima inayotuzuia kulitaja jina lake siku hiyo, na kumwalika mjane wake, kama ataridhia, akae pamoja na wajane wa askari wetu.