Fedha za Korosho Katika Ritani ya Marekani

Mwezi wa Machi mwaka 2023 nilikuwa nyumbani Mtwara kumuuguza mama, huku hesabu za kodi yangu ya kwanza nchini Marekani zikiwa bado hazijakamilika. Nilikuwa nimeingia nchi hiyo mwezi Mei wa mwaka uliotangulia, kumfuata mume wangu, mzaliwa wa Masasi ambaye alikwisha kupata uraia wa huko, na kuanzia Septemba hadi mwisho wa mwaka nilifanya kazi ya saa chache katika jengo la kufulia nguo za hoteli. Mshahara wangu wote wa miezi hiyo ulikuwa dola 2,900. Mume wangu, ambaye saa zake za kazi zilikuwa zimepunguzwa, alipata dola 16,000 kwa mwaka mzima.

Ndugu walioniona nikipekua karatasi usiku baada ya futari waliniuliza mtu wa kipato kama changu ana kodi gani ya kutolea hesabu. Niliwajibu kwa uzito, kwa sababu jambo hili linawaumiza wake wengi wanaohamia kule. Mwajiri wa Marekani hukata kodi katika kila malipo kwa makadirio, na kama mwisho wa mwaka inaonekana kwamba mfanyakazi hakustahili kutozwa kiasi hicho, fedha zake hazimrudii mpaka yeye mwenyewe awasilishe ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yake ya mwaka. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo ndiye anayepoteza zaidi akinyamaza, wala hakuna atakayekuja kumgongea mlango kumkumbusha haki yake.

Kwa mgeni wa mwaka wa kwanza kuna ugumu wa ziada. Mwaka wangu wa 2022 ulikuwa umegawanyika vipande viwili: kuanzia Januari hadi siku niliyoingia na viza ya ukaazi nilikuwa mgeni asiye mkaazi, na baada ya hapo nikawa mkaazi. Kama tungeuacha ulivyo, nisingeruhusiwa kuwasilisha ritani pamoja na mume wangu, wala nisingepata kile kiasi ambacho sheria inakiondoa kwenye mapato kabla ya kodi kuhesabiwa. Dola zangu 2,900 zingetozwa asilimia 10 tangu ya kwanza, na mume wangu, akiwasilisha peke yake, angeondolewa dola 12,950 tu na kutozwa kwa kilichobaki. Kwa pamoja tungedaiwa karibu dola 600. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, inawapa wanandoa nafasi ya kuchagua kwamba aliyehamia ahesabiwe kuwa mkaazi kwa mwaka mzima, nao wakawasilisha ritani moja na kuondolewa dola 25,900, ambazo zilizidi mapato yetu yote. Uchaguzi huo hufanywa mara moja tu maishani, na lazima uambatane na tamko lililotiwa sahihi na wote wawili. Mume wangu aliyasoma hayo katika chapisho namba 519 la mamlaka ya mapato ya Marekani, linalotolewa bure kwa ajili ya wageni, akaniita tukalipitia mstari kwa mstari kabla sijasafiri.

Nafasi hiyo ilikuja na sharti, na sharti ndilo lililonifanya niende kwa mjomba wangu Tandahimba. Anayechagua kuhesabiwa mkaazi kwa mwaka mzima analazimika kutaja mapato yake ya mwaka mzima kutoka popote duniani. Nami kabla ya kuondoka nilikuwa mkulima. Nilikuwa na mikorosho niliyorithi kwa upande wa mama, niliyoihudumia kwa miaka mingi, nikaipulizia salfa, dawa ya kuzuia ukungu, nikaiokotea na kupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi cha ushirika ili ziuzwe mnadani kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hupewa karatasi ya mzigo uliowekwa ghala na kulipwa baada ya mnada. Korosho zangu za mwisho ziliuzwa katika mnada wa mwishoni mwa Desemba 2021, na baada ya makato nikapata shilingi 1,180,000.

Swali lililobaki lilikuwa la tarehe. Kwa mkulima mdogo anayeandika hesabu zake kwa fedha taslimu, pato ni la mwaka ambao fedha zimemfikia, hata kama mzigo uliuzwa mapema zaidi. Karatasi ya chama ilionyesha siku ya mnada peke yake. Kama fedha ziliingia kabla ya mwaka kwisha, zilikuwa za mwaka 2021 nami nisingekuwa na la kuziandikia. Kama ziliingia Januari, zilikuwa sehemu ya ritani yangu. Nilikwenda benki mjini Mtwara, nikaomba taarifa ya akaunti, na karani akanichapishia kurasa zilizoonyesha kwamba fedha zile ziliingia wiki ya kwanza ya Januari 2022.

Mjomba aliwahi kuwa karani wa chama cha msingi, na hesabu za shamba letu amezitunza katika madaftari tangu nikiwa mtoto. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, nikamweleza kwamba nahitaji gharama zote zilizolipwa ndani ya mwaka 2022, kila moja na tarehe yake. Aliingia ndani akatoka na daftari la msimu ule. Salfa tuliinunua Juni 2021, kwa hiyo niliiacha, ingawa ndiyo iliyokuwa gharama kubwa kuliko zote. Haikulipwa katika mwaka niliokuwa nikiuandikia. Vibarua waliookota korosho na kuzitenganisha na mabibo, pamoja na mwenye gari aliyepeleka magunia ghalani, walikuwa wamekubali kusubiri mnada, hivyo wote walilipwa Januari fedha zilipoingia. Jumla yao ilikuwa shilingi 310,000, na kila jina lilikuwa na tarehe na alama ya kidole au sahihi mbele yake. Sijui ni wahasibu wangapi wenye shahada ambao wangeweza kunipa kumbukumbu safi namna ile.

Kaka yangu, aliyenisindikiza, hakulipenda jambo lenyewe. Aliniambia, "Dada, hela hizi ulizipata hata pasi yako ya kusafiria haijagongwa muhuri. Marekani ilikuokotea korosho ngapi hata uitolee hesabu? Nani kule atajua?"

Nilimweleza kwamba chini ya ritani kuna kiapo cha kuwa yaliyoandikwa ni kweli na yamekamilika, na kwamba sahihi yangu ingekaa chini ya kiapo hicho. Nilimweleza pia kwamba hasara yenyewe ilikuwa ndogo. Faida ya shilingi 870,000, nikiigawanya kwa wastani wa mwaka ule wa takriban shilingi 2,300 kwa dola, ilikuwa kama dola 378. Haikutuongezea kodi hata senti. Kitu pekee ilichopunguza ni ile nafuu wanayopewa wafanyakazi wa kipato cha chini, ambayo kwa wanandoa wasio na watoto haikuzidi dola 560 mwaka ule na hupungua kadiri mapato yanavyopanda. Tulistahili nafuu hiyo kwa kuwa wote wawili tulikuwa tumeishi Marekani zaidi ya nusu ya mwaka, na korosho ziliipunguza kwa karibu dola 30. Bado zilibaki dola mia mbili hamsini na ushei ambazo tusingezipata kwa njia nyingine yoyote.

Mjomba alimsikiliza kaka hadi mwisho, kisha akasema, "Mwache aandike. Jasho lake ni la halali, analificha kwa nini?"

Maneno yake yalinigusa, kwani yalikuwa ndiyo hasa niliyoyahisi tangu mwanzo nikashindwa kuyasema. Tangu niingie Marekani, kila fomu niliyojaza iliniuliza historia ya kazi, na kila mara aliyekuwa akinisaidia alipendekeza niache wazi, kana kwamba kabla ya kufua mashuka ya hoteli sikuwahi kufanya kazi. Fomu ya mkulima inayoambatana na ritani haikufanya hivyo. Mstari wake wa juu unauliza zao kuu ni lipi, na nikiwa pale barazani niliandika korosho, nikaweka mapato, nikaweka vibarua na usafiri katika mistari yao, nikatoa, nikapata faida. Mjomba alirudia hesabu yote kwa kichwa kabla ya kuniruhusu niifunge.

Siku iliyofuata nilirudi mjini, nikaenda steshenari kuchapisha tamko la uchaguzi ambalo mume wangu alikuwa amenitumia kwa simu. Lilieleza kwamba mmoja wetu hakuwa mkaazi mwaka ulipoanza, kwamba wote tulikuwa wakaazi ulipomalizika, na kwamba tunachagua kuhesabiwa wakaazi kwa mwaka mzima, likiwa na majina, anwani na namba zetu za hifadhi ya jamii. Nililitia sahihi kwa wino, nikaliweka kwenye bahasha pamoja na taarifa ya benki na nakala za kurasa za daftari, ambazo hazikutakiwa kutumwa lakini mtu anapaswa kuwa nazo akiulizwa.

Mama alipopata nafuu nilirejea na bahasha mkononi, mume wangu akatia sahihi yake, tukaituma ritani kabla ya tarehe 18 Aprili, ambayo ndiyo iliyokuwa mwisho mwaka ule. Nakala tuliihifadhi vizuri, kwa kuwa kadi yangu ya kwanza ya ukaazi ilikuwa ya miaka miwili, na wanandoa wanapoomba masharti yake yaondolewe, ritani ya pamoja ni miongoni mwa vielelezo vya ndoa yao. Kodi yote ya mapato tuliyokatwa na waajiri ilirudishwa pamoja na ile nafuu. Kabla ya kuondoka Mtwara nilikwenda pia na mama kwenye chama cha msingi, tukaiandikisha mikorosho kwa jina lake, maana tangu nihame yeye ndiye aliyekuwa akiihudumia na malipo ya msimu uliopita yalikwenda kwake, na haikuwa sawa jina langu liendelee kukaa juu ya jasho la mwingine.